Lori la Sur na Kahawa Tuliyoikataa

Barabara ya kwenda Sur siku hizi imenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinichukua kutoka Nizwa kwenda harusini huko. Gari lake lina baridi mpaka nikajitanda ushungi juu ya ushungi, na kabla sijachoka kuvuta uradi tulikuwa tumeshapita Ibra. Mbele ya Ibra kuna daraja. Nikamwambia, "Punguza mwendo hapa."

"Kuna nini, Bibi?"

"Kuna maji."

Akachungulia chini. "Maji iko wapi, Bibi? Kavu, khalas." Akacheka, akakanyaga mafuta, na daraja likabaki nyuma.

Kweli palikuwa pakavu. Mawe meupe na mbuzi wawili wanatafuna karatasi. Mto wa huku tunauita wadi, mwaka mzima ni njia ya punda, halafu siku mvua ikinyesha milimani unakuja na miti na magari. Mjukuu wangu hana kosa, hajauona. Mie nimeuona, mwenzangu, nikiwa mtoto wa meno ya mbele kutoka, na tangu siku ile sijawahi kupita pale nikalala.

Sie watu wa Unguja. Tulirudi Omani mwanzo wa miaka ya sabini. Tunasema "kurudi", lakini mie na mama yangu hatukuwa tumepata kuiona nchi hii hata kwa picha. Tulifikia Nizwa kwa mjomba, ndugu yake mama, nyumba ya udongo yenye ngazi nyembamba na mfereji wa falaji unaopita chini ya ukuta, maji yake yakiimba mchana kutwa. Baba akapata kazi ya ujenzi Sur, akamchukua mama na mdogo wangu aliyekuwa ananyonya. Mie nikaachwa na bibi yangu, mama yake mama, kwa sababu Nizwa ilikuwa imefunguliwa skuli ya wasichana, madarasa ya mahema, na baba alitaka nisome. Mama aliniambia mtoto akianza kusimama dede atakuja kunitazama. Basi kila nikisikia lori linapiga honi sokoni nahesabu umri wa mtoto.

Bibi yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukianguka anakuuliza umevunja nini, si umeumia wapi. Alikuwa mrefu, mkono mkavu, sauti inafika nyumba ya tatu. Kiarabu chake kilikuwa cha Kurani na cha kuomba chumvi kwa jirani, hapo katikati hamna kitu. Wanawake wa Nizwa walimpenda kwa mikate yake ya kumimina, na yeye aliwapenda kwa mbali. Akisema, "Watu wa huku wana mengi. Unakwenda kuazima ungo unakaa mpaka adhuhuri, mara tende, mara kahawa, mara tende tena. Ungo wenyewe umeshausahau."

Siku moja redio ya mjomba ikasema tufani imepiga pwani ya mashariki. Kwetu Nizwa tulipata vumbi tu na mbingu ya rangi ya chai ya maziwa. Mjomba akasema tungoje, njia zimekatika, habari zitakuja. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikae hapa redio inambie mwanangu mzima?"

"Mama, njia hakuna."

"Njia ipo. Gari ndiyo hakuna. Katafute gari."

Mjomba akatafuta. Akapata lori la pua ndefu linalopeleka unga na mabati kwa watu wa Sharqiya, upande wa Sur, walioezuliwa nyumba. Dereva wake Mmanga wa bara, kazaliwa Tabora, ana Kiswahili kizito na kicheko kikubwa. Bibi akanikokota na mie. Mjomba alipouliza skuli itakuwaje, akajibu, "Mama yake akinyoosha mkono, nataka aukute mkono wa mwanawe." Hayo maneno sikuyafahamu siku ile.

"Shikamoo, Bibi," dereva akasema.

"Marahaba. Hili gari lako linakwenda, au linasubiri kusomewa hitima?"

"Litakwenda, Bibi. Kwa taratibu."

"Mie nikiwa mdogo nimepanda treni ya Bububu. Ina kengele, ina viti, inakwenda kwa adabu zake."

"Na cheche je? Nasikia ilikuwa inawachoma nguo."

"Ikituchoma kwa adabu."

Dereva akacheka mpaka akagonga usukani. Hivyo ndivyo tulivyoondoka Nizwa, mie katikati yao, kikapu cha chapati na papa mkavu miguuni, na Bibi kashika mlango kana kwamba yeye ndiye anayeuzuia usianguke. Siku nzima mawe. Lami haikuwa imefika huko. Lori linapanda, linashuka, mabati nyuma yanapiga kelele kama watu wanaogombana jikoni. Vumbi lilikuwa na ladha, mwenzangu, ladha ya chungu kipya. Jioni tukaingia Ibra tukalala kwa watu wetu wa Unguja, na huko nako kila mtu ana jamaa yake upande wa Sur na hakuna aliyesikia neno.

Asubuhi tukaikuta ile wadi.

Maji yalikuwa yameshapungua, walisema, lakini kwangu ilikuwa bahari ya rangi ya udongo. Magari madogo yamepanga foleni ukingoni, wenyewe wamekaa chini ya vivuli vyao. Hakuna lililothubutu. Dereva wetu akavua viatu, akaingia na fimbo, akaipima njia mpaka maji yakamfika kiunoni, akarudi akasema lori refu litapita. Bibi akasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti, akanifunga kwa kanga kiunoni mwake. Tukaingia. Nilisikia mawe yanajigeuza chini ya magurudumu, na maji yakaingia mlangoni yakachukua kiatu changu kimoja. Nililia kwa kiatu. Bibi akasema, "Utalia na cha pili ukiendelea," nikanyamaza. Tukatoka ng'ambo lori linachuruzika maji, na wale wa foleni wakatupigia makofi. Siku ile tulikuwa peke yetu tulioweza kuvuka.

Ng'ambo ndiko nilikoiona tufani ilivyo. Mitende imelala yote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Juu ya mgunga mmoja alining'inia mbuzi, amekauka. Falaji imejaa kokoto, na wanaume wako mbali kwenye mashamba wamepanga mstari, wanapokezana makapu ya mawe. Kijiji cha kwanza kiko pale pale kando ya njia, na wanawake wake walikuwa wanachuma tende mbichi kwenye mitende iliyoanguka, wanazichemsha kwenye masufuria makubwa ili angalau zisioze zote. Ule moshi mtamu, wa sukari na kuni mbichi, nikiusikia mpaka leo moyo wangu unasimama.

Dereva akapunguza mwendo, maana mawe yaliziba njia. Mwanamke mmoja akaacha sufuria lake akaja mbio. Kavaa barakoa, macho tu ndiyo yanayoonekana. Akaja upande wa Bibi, akashika mlango.

"Salamu alaykum. Karibuni, shukeni. Kahawa."

Bibi akamwitikia. Akakusanya Kiarabu chake chote akauliza, "Habari za Sur?"

"Heri. Hakuna habari. Alhamdulillahi."

"Watu wazima?"

"Heri, heri. Shuka, mama. Kahawa."

Bibi akageuka kwetu, na kwa mara ya kwanza tangu Nizwa nikaona bega lake limeshuka. "Mmesikia? Heri."

Dereva akasema, "Bibi, tunywe basi kikombe. Koo langu limekauka."

"Koo lako litangoja. Mwanangu yuko Sur."

Yule mwanamke hakuuachia mlango. Akasema tena kahawa, akasema tende, akaonyesha nyumba yake, iko karibu hivi, ungeweza kurusha kokoto ikagonga mlango. Halafu akanitazama mie. Akanitazama sana, akapitisha mkono dirishani akanishika kidevu, akauliza jambo.

"Anauliza mtoto wa nani," dereva akasema.

"Mwambie wangu. Na mwambie ahsante, kahawa tutakunywa siku nyingine. Washa gari."

Lori likaondoka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, kasimama katikati ya njia, mikono kaiacha inaning'inia.

Nataka nikueleze jambo hapa, maana vijana wa leo hawalijui na sie wa Unguja wakati ule hatukulijua. Mtu wa huku ukimuuliza habari atakwambia heri, hakuna habari, hata kama paa limemwangukia asubuhi ile. Hiyo ndiyo salamu. Habari yenyewe inakaa nyuma ya kahawa. Kwanza ukae, upewe tende, umiminiwe finjani, na ukishatosheka unaitikisa finjani ndiyo waache kumimina. Hapo ndipo unaambiwa, tumbo lina kitu, mgongo umeegemea ukuta. Na habari ya mwanamke haipigiwi kelele barabarani mbele ya dereva mgeni. Sie kwetu msiba unausikia mwanzo wa mtaa, kilio, majamvi nje, watu wamejaa barazani. Bibi hakusikia kilio wala hakuona jamvi. Aliambiwa heri, akaichukua ikiwa mbichi vile vile.

Tukafika Sur alasiri. Mtaa wa baba ulikuwa nusu umesimama nusu umelala. Nyumba yao ilikuwa katika zile zilizolala. Paka kakaa juu ya mlango ulioanguka. Bibi akashuka kabla lori halijasimama vizuri, akaita jina la mama mara moja tu, kwa sauti ile inayofika nyumba ya tatu, na kutoka nyumba ya tatu akatoka jirani, mama wa Kiunguja, kitambaa kichwani kimekaa upande.

"Bi Mkubwa! Mmepita wapi nyie? Hamkukutana?"

"Kukutana na nani?"

Jirani akaniangalia, akashika kichwa. Ukuta ulimwangukia mama usiku wa upepo, akiwa kamkumbatia mtoto. Mtoto mzima, hata mkwaruzo. Mama kaumia kifuani na nyonga. Zahanati iliingiwa na maji, basi baba akapata gari dogo wampeleke Ibra. Likafika kwenye wadi likashindwa kuvuka. Wakamlaza kwa watu, kijiji cha ukingoni, na baba akavuka kwa kamba kwenda kutafuta daktari au gari refu. Mwenye gari dogo ndiye aliyerudi na habari.

"Kijiji gani?" Bibi akauliza.

"Kile cha mwanzo ukishavuka. Mmekipita."

Bibi hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe la nyumba ya mwanawe, akafunga na kufungua fundo la kanga yake. Dereva akatia gari moto akitaka kurudi wakati ule ule, lakini jua lilikuwa linazama na njia imeliwa na maji, mahali pengine hakuna njia ila shimo. Watu wa mtaa wakamzuia. Ilipopambazuka tu tukaondoka, na unga wa watu ulishushwa ovyo ovyo mtaani, kila mtu akasaidia.

Ile safari ya kurudi sina la kukusimulia. Mawe yale yale, mitende ile ile. Bibi alitazama mbele. Mie nilikuwa nimeshika kanga safi ya mama aliyonipa jirani, nikiwaza nitaanza kumwambia nini, skuli au kiatu. Niliamua kiatu, nilijua atacheka.

Tulipofika, yule mwanamke hakuja mbio. Alikuwa kasimama mlangoni kwake. Ndani jamvi limetandikwa, sinia la tende katikati, dele la kahawa juu ya makaa. Wanawake wawili watatu wamekaa ukutani. Mdogo wangu kalala mapajani mwa mmoja wao, mdomoni ana kitambaa kilichochovywa maziwa ya mbuzi. Sikumwona mama. Nikataka kuuliza, Bibi akanibana mkono.

Akakaa. Akala tende. Mwanamke akamimina kahawa, Bibi akanywa, akanyoosha finjani. Akamiminiwa, akanywa, akanyoosha tena. Tena na tena. Mwanamke akimimina kidogo kidogo, na Bibi ananyoosha finjani bila ya kuitikisa. Mie nilidhani ana kiu. Dereva kasimama nje, mgongo kaupa mlango. Dele likaisha, likaletwa jengine. Watu wote mle ndani walijua kuwa maadamu yule mzee anakunywa, mwanawe hajafa.

Halafu Bibi akanitazama, akamtazama mtoto, akaitikisa finjani akaiweka chini.

Wakamwambia. Mama alikuwa amefariki alfajiri ile, na wameshamzika, maana joto halingoji. Dereva alikuwa anatafsiri huko huko nje, na sauti yake ya kicheko ilikatika kila baada ya neno. Mwanamke akasema jana mama alisikia mngurumo wa lori. Akasikia mtu anasema Kiswahili. Akainua kichwa akasema kwa Kiarabu, ili wafahamu, "Huyo mama yangu." Ndipo yeye akaacha sufuria akakimbia.

"Muulize," Bibi akasema, "kwa nini hakunambia."

Dereva akauliza. Yule mwanamke akavua barakoa yake, ndiyo mara ya kwanza nikauona uso wake. Alikuwa kijana, umri wa mama. Akajibu maneno machache.

"Anasema, nilikwambia shuka."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Kweli," akasema. "Aliniambia. Mwambie aliniambia."

Sisemi kuwa lori lile lingemvusha mama akapona. Umri ni wa Mwenyezi Mungu, na kifua kilikuwa kimevunjika. Bibi naye hakulisema hilo hata siku moja mpaka anakufa, wala baba, aliyerudi mchana ule na daktari nyuma yake, hakumuuliza. Lakini Bibi alimpenda yule mwanamke kuliko ndugu zake wa damu. Kila mwaka wakati wa kuchemsha tende tulikwenda kwake, wakakaa wawili kwenye jamvi, Kiarabu cha mmoja hakijaongezeka wala Kiswahili cha mwenzake hakijaanza, wakapepeana nzi mpaka jua linapinduka. Halafu wanakwenda kaburini. Wao walilijua. Mie nilibaki nyumbani na mtoto.

Skuli sikurudi. Mtoto alihitaji mtu, na Bibi macho yalikuwa yanakwisha. Niliyoyasoma ni yale ya kwenye mahema, mengine nimejifunza kwa wanangu wakifanya kazi zao za skuli mezani. Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, ana mvi kunishinda. Aliniita mama mpaka alipofundishwa na watoto wa mtaani kuwa mie ni dada.

Ile nyumba haipo. Mwenyewe alikufa, wanawe wamehamia Maskati, udongo umerudi udongoni. Masufuria makubwa ya tende siku hizi yanatolewa watu wapige picha. Watu hawasimamishi gari tena kijiji cha mwanzo, kwa nini wasimame? Kila mtu anajua habari kabla hajaondoka nyumbani, simu imeshamwambia, kasimama, tumbo tupu, njiani, popote inapomkuta.

Tuliporudi kutoka harusini nilimlazimisha mjukuu wangu aache barabara kabla ya daraja. Alinung'unika kidogo, halafu akanishika mkono tukapanda kilima cha makaburi ya kijiji kile. Makaburi ya huku hayaandikwi. Mawe mawili mwanamume, matatu mwanamke, basi, na mvua za miaka yote hii zimeyalaza mengine na kuyasogeza mengine. Nikasimama. Nilijaribu kukumbuka Bibi alikuwa akielekea wapi akitoka mlangoni na ubani wake, kulia au kushoto, na sikukumbuka, kwa sababu sikuwahi kwenda nao.

"Lipi la mama yako, Bibi?" mjukuu akaniuliza.

"Sijui."

"Sasa tunamsomea nani?"

Nikamwambia anyooshe mikono. Tukaanzia la mwanzo lenye mawe matatu, tukenda nayo yote, moja moja, mpaka ukuta wa mwisho.